Baiskeli Zilizoitwa Mengineyo

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Junaid Mrisho ilikuwa kushika fimbo. Siyo fimbo ya kutembelea; ni ule ubao mrefu wenye tarakimu nyeusi na nyekundu wanaoutumia wapima barabara. Mpimaji anabaki nyuma na darubini yake juu ya miguu mitatu, na mtu mwingine anakwenda mbele, anausimamisha ubao wima na kutulia nao, jua au mvua, mpaka apungiwe mkono asogee. Kazi hiyo haina cheo. Katika karatasi za mishahara aliandikwa kibarua, kundi moja na wafyeka nyasi. Lakini mtu akiwashikia wahandisi michoro miaka yote hiyo ili upepo usiipeperushe, mwishowe anaisoma, na Junaid aliisoma vizuri kuliko baadhi ya waliosomea.

Alizaliwa Miyomboni, Iringa mjini, kwa watu wa duka. Babu yake alipanda kutoka Bagamoyo na marobota ya nguo, akabaki, na ukoo mzima ukachukulia kwamba kila mtoto wa kiume atakaa nyuma ya kaunta. Junaid alikaa miezi minne, akachoka. Wapimaji walipopita mtaani wakitafuta mtu wa kushika fimbo, aliondoka nao siku hiyohiyo, na baba yake hakusema naye mpaka Idi. Alishika fimbo Makambako, akaishika Tukuyu kwenye matope ya kufika magotini, akaishika Ilula pamoja na Lutengano, Mnyakyusa mcheshi aliyekuwa amepanga hapo na mke wake.

Mchoro wa kipande chao cha Ilula ulikuwa na ukanda wa mita moja na nusu kila upande, wa waenda kwa miguu na wa baiskeli. Siku moja ikaja karatasi mpya, ukanda haupo. Junaid aliigeuza huku na huku akidhani ameishika vibaya. Akamtazama mhandisi, na mhandisi akaangalia pembeni. Haikuwa kazi ya kibarua kuuliza, naye hakuuliza.

Barabara ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Miezi michache baadaye Lutengano, akitoka sokoni na tenga la nyanya nyuma ya baiskeli, aligongwa na lori kwenye kona ambayo wao wawili waliipima. Hospitali ya Tosamaganga walimkata mguu juu ya goti, na kwa kumkata wakamwokoa. Junaid alikaa kando ya kitanda siku mbili, akamenya machungwa, akazungumza habari za mpira. Habari ya ile karatasi hakuitaja.

Alipostaafu alihamia moja kwa moja Ilomba, Mbeya, kwenye nyumba aliyoijenga polepole na mke wake Rukia, akabaki na baiskeli na goti moja lililopinda. Na hapo Ilomba, kama vile mtu alikuwa amesikia, halmashauri ilikuwa imeweka lami mpya kwenye barabara ya mtaa na kuipa njia ya baiskeli. Mita mbili kamili, ukingo wa zege, mchoro mweupe wa baiskeli kila baada ya nguzo tatu za umeme. Asubuhi ya kwanza Junaid aliipima kwa futi kamba. Rukia alimwona kutoka dirishani amechutama barabarani anatabasamu peke yake, akamwambia binti yao Hanifa kwa simu, "Baba yako kapata mke mdogo."

Mtu angedhani njia ya baiskeli ikishajengwa kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwenye nyumba akitaka kujenga, kokoto zake zinamwagwa humo. Bajaji zikipungukiwa abiria zinaegesha humo. Mwosha magari alihamia humo na mapipa yake kama kwake, na alipoambiwa aondoke alisema anasubiri barua rasmi. Kila siku Junaid alisimama, akashuka, akaeleza. "Ndugu yangu, hii ni ya baiskeli. Umeiona hiyo picha?" Picha wameiona. Mmoja alimjibu kwamba picha ni ya urembo. Vijana wa kijiweni wakampachika jina, Trafiki, na wakawa wanampigia saluti akipita.

Lakini baiskeli zilipita. Mafundi ujenzi wenye pima maji mgongoni walipita, na wauza maziwa, na wanafunzi wawili juu ya kiti kimoja. Na kila Jumanne na Ijumaa alishuka Tusajigwe, mama wa miaka hamsini na kitu kutoka vilimani, na viazi gunia zima kwenye keria, breki za nyuma zikilia mpaka majirani wanajua ni saa ngapi. Kabla ya njia ile alikuwa anashuka kwenye mtaro, anasukuma. Tusajigwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Akimkuta Junaid anabishana na mwenye bajaji, alisimamisha baiskeli nyuma ya bajaji hiyo akapiga kengele bila kukoma mpaka iondoke.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano Junaid akakuta vigingi. Vya mbao, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, vimepigiliwa katikati ya njia ya baiskeli, mstari mmoja ulionyooka. Akajua mara moja ni vya nini. Mbele yake alikuwa mhandisi aliyevaa kizibao cha kung'aa, na jina lake, Brayson, limeandikwa kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi vigingi vimepotea?"

"Hapana mzee, hapo ndo katikati ya barabara mpya. Njia nne. Malori yatapita huku, yasiingie mjini."

"Na baiskeli?"

Brayson alikuwa mwungwana, akafungua mchoro juu ya boneti ya gari. Junaid hakuhitaji kuonyeshwa. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, tuta la katikati, mtaro. Ukanda haupo. Aliigeuza karatasi, kama alivyofanya Ilula, ingawa safari hii alijua ameishika sawa.

"Mmehesabu magari?"

"Tumehesabu, mzee. Kitaalamu kabisa." Brayson akamwonyesha jedwali. Magari madogo, mabasi, malori, bajaji, pikipiki. Mwishoni kabisa, mengineyo.

"Baiskeli ziko wapi?"

"Ziko kwenye mengineyo."

"Na nani?"

Brayson akakohoa. "Mikokoteni. Na mifugo."

"Mbona hapa pa namba mmeandika 'chache'? Chache ni namba?"

"Mzee, mimi sikuhesabu. Mimi napima tu."

Neno hilo lilimchoma Junaid kuliko Brayson alivyoweza kujua, kwa sababu lilikuwa lake. Alilisema yeye mwenyewe miaka thelathini na moja.

Siku iliyofuata akaanza safari za ofisini. Mwenyekiti wa mtaa alimsikiliza akitafuna muwa, akasema suala zito, liende kata. Kata wakasema barabara ya mtaa si yao, aandike barua. Akaandika. Barua ikataka muhuri wa mtaa. Mwenyekiti kasafiri, msibani. Akarudi mwenyekiti, muhuri umekauka wino. Barua ikafika ofisi ya tatu, ambapo dada wa masjala aliisoma kwa makini mpaka mwisho akamwambia, "Baba, hii sasa ni barabara kuu, siyo yetu tena."

"Tangu lini?"

"Tangu mradi."

"Mradi umeanza?"

"Bado."

"Kwa hiyo leo hii ni ya nani?"

Dada akafikiri kweli kweli, halafu akasema aje Alhamisi. Alhamisi kulikuwa na semina. Jumatatu mfumo ulikuwa chini. Ofisi ya nne ilimpokea vizuri, ikampa kiti, ikamwambia maoni yote ya wananchi yanakusanywa na mshauri wa mradi, na ofisi ya mshauri iko Iringa.

"Iringa!" Rukia alisema jioni ile. "Barabara ya mlangoni kwangu inaamuliwa Iringa. Baba Hanifa, achana nao. Goti lenyewe hilo."

"Nikiachana nao, wewe utavuka vipi njia nne kwenda kwa muuza mchicha?"

Hilo Rukia hakuwa amelifikiria. Asubuhi alimfungia chapati kwenye gazeti.

Ofisi ya mshauri ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Aliyemkuta ni Sekela, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya masuala ya jamii. Alimsikiliza Junaid bila kuangalia simu, jambo ambalo kwa wiki zile lilimshangaza.

"Lakini mzee wangu," Sekela alisema, "maoni ya Ilomba tunayo. Mkutano ulifanyika. Wananchi waliridhia wote."

"Mkutano upi?"

Sekela akashusha faili. Muhtasari wa ukurasa mmoja: wananchi wameupokea mradi kwa furaha. Nyuma yake, orodha ya mahudhurio, majina hamsini na mawili. Junaid akapitisha kidole. Namba thelathini na saba: Junaid Mrisho. Na saini yake, ileile yenye mkia mrefu ambayo benki walikuwa wanamlalamikia.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Umri huu mtu anaweza kusahau mkutano. Halafu akaona tarehe, na pale juu, herufi zilizofifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi, akasoma: Kikao cha Uzoaji Taka.

"Mama," alisema, na sauti yake ilianza kupanda bila ruhusa yake, "saini hii ni yangu. Siikatai. Siku hiyo tulikaa saa tatu juani tunalalamikia gari la taka ambalo halijafika tangu mfungo. Barabara haikutajwa! Nimesaini taka, mmenihesabu barabara!"

Sekela alivua miwani, akaisogeza karatasi puani, akaivaa tena. "Mimi nimepokea faili likiwa limeshafungwa hivi," alisema polepole. Hakujitetea zaidi. Akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe na kalamu. "Andika hayohayo uliyosema. Hapa hapa, mbele yangu. Faili linapanda kwa wakubwa Ijumaa. Likishapanda, mzee wangu, mimi sina tena mkono mrefu wa kulifikia."

Akaandika. Kwa hasira aliikandamiza kalamu hata akaichana karatasi ya kwanza. Sekela akaipiga muhuri wa mapokezi, tarehe na saa, akampa nakala, akasema, "Na kama kweli baiskeli zipo, leteni idadi. Hawa watu hawabishani na namba."

Hakurudi Mbeya siku ile. Alikwenda Tosamaganga, ambako Lutengano alihamia kwa wakwe baada ya ajali, akamkuta nje ya nyumba anasuka tenga, gongo la kutembelea limelala kando. Walisalimiana kwa kelele kama kawaida yao. Baada ya chai Junaid alisema lile alilokaa nalo miaka yote. Alisema vibaya, kwa kuruka ruka: karatasi mpya, ukanda uliofutwa, namna alivyoona na kunyamaza.

Lutengano aliendelea kusuka. "Niliiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Hiyo karatasi. Ulidhani kusoma unajua wewe peke yako? Nilikuwa nimeshika upande wa pili."

Miaka yote ile amebeba peke yake mzigo ambao mwenzake alikuwa ameukalia. Alipata ahueni, na papo hapo akakasirika kwa kutoambiwa, halafu akaona aibu kumkasirikia mtu mwenye mguu mmoja.

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ili iwe nini? Wewe ungemwambia nani? Tulikuwa vibarua." Lutengano akakaza utepe wa mwanzi kwa meno. "Sasa wewe umestaafu, hakuna wa kukufukuza kazi, una nakala yenye muhuri, halafu unakuja kukaa kwangu unalialia? Nenda kahesabu baiskeli, bwana we."

Basi wakahesabu. Junaid aliweka kigoda kwenye kona, na daftari, na akafanya kama alivyofundishwa zamani: vijiti vinne na cha tano kukata. Rukia alimpokea zamu saa ya swala na saa ya chakula, akilalamika muda wote, na daftari lake likaja kuwa safi kuliko la mumewe. Tusajigwe aliwapelekea habari watu wa vilimani kwamba Jumanne kila mtu apite njia ileile, asikate shambani, maana zamu hii anahesabiwa. Siku tatu. Jumatatu baiskeli mia saba na tisini. Jumanne, siku ya soko, elfu moja mia mbili na nne. Jumatano mvua ilinyesha, na hata hivyo mia sita na kumi na moja.

Rukia alizitazama namba zile akatikisa kichwa. "Na hizi ndizo chache?"

Kwa sababu ya barua ile ya Iringa, mkutano mpya ukaitishwa, uwanja wa shule, saa nne. Wakubwa walifika saa saba. Mwakilishi wa mradi, bwana mwenye suti ya kijivu, aliomba radhi kwa kilichotokea kwenye orodha, akakiita changamoto ya uchapaji. Junaid akainuka hapohapo.

"Uchapaji? Mashine ya kuchapa ndiyo iliyonipeleka mkutanoni?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti akamwomba mzee awe mfupi kwa sababu tuko nyuma ya muda. Tuko nyuma ya muda! Saa tatu nzima wamekaa kwenye nyasi, watoto wanalia, na waliochelewa ndio wenye haraka. Junaid alifungua daftari kwa ghadhabu. Akazisoma namba zote tatu, siku kwa siku. Kisha akauliza alichotoka nacho nyumbani.

"Naomba kujua, barabara hii inamwokolea nani dakika ngapi?"

Bwana wa suti akageukia makaratasi. Lori litaokoa dakika sita.

"Dakika sita. Na huyu mama wa viazi, mnampotezea ngapi? Mmepima? Nimeshika fimbo miaka thelathini na moja na sijaona mtu anampima huyu. Malori yana barabara kuu, ipo pale, na mabega yake mapana. Mnatafuta ya pili ya nini kabla ya kuikarabati hiyo?"

Hapo Tusajigwe akasimama bila kuitwa. Kiswahili chake kilikuwa cha vilimani, kifupi.

"Mimi sipingi barabara. Mimi nauza. Gari nalo linanunua viazi vyangu. Lakini mkinirudisha mtaroni nitakufa mtaroni, na nyie mtaandika 'mengineyo'. Andikeni jina langu. Ndaga, asanteni."

Akakaa. Brayson, aliyekuwa mwisho wa meza kuu, aliandika kitu; Junaid alimwona anaandika jina, herufi kwa herufi.

Swali la kwamba barabara inahitajika au haihitajiki lilijibiwa kwa neno moja: limepokelewa. Limepokelewa mpaka leo. Njia nne zinajengwa, na nyumba kumi na tisa zilizopigwa alama nyekundu ya X zimevunjwa, baadhi ya wenye nyumba wakiwa tayari wamelipwa na wengine bado wanaambiwa waje Alhamisi. Lakini mchoro ulirudi umebadilika. Njia ya baiskeli ipo, upande mmoja, mita moja na nusu badala ya mbili, nyuma ya ukingo uliopandishwa. Sekela alimpigia simu mwenyewe kumwambia, na Junaid alipokata simu aliingia chumbani akafunga mlango kwa muda. Rukia hakumfuata.

Kipande cha kwanza kilikamilika kabla ya masika, na ili bajaji zisiingie, mkandarasi akasimamisha nguzo za zege kwenye mdomo wa njia. Junaid alikwenda kuangalia. Nguzo zilikuwa nzuri, imara, zimepakwa chokaa, na akasimama anazisifu, mpaka aliposikia breki zikilia kutoka mlimani.

Tusajigwe alikuja moja kwa moja, akaingia katikati ya nguzo, akanasa. Baiskeli ilipita; gunia lilikataa. Akarudi nyuma, akajaribu upande, akanasa tena. Nyuma yake wakasimama muuza maziwa na madumu yake, na fundi mwenye ngazi.

"Nani kapima hii?" Tusajigwe aliuliza.

Junaid alitoa futi kamba mfukoni. Sentimita sitini. Akapima gunia: themanini na mbili. Akapima tena nguzo, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mzima, mwenye cheti, alisimama hapa akaona inafaa.

"Njia ya baiskeli," alisema, na kila neno alilitoa kwa shida, "isiyopitisha baiskeli."

Walilifungua gunia, wakapitisha viazi kwa mafungu, muuza maziwa akisaidia, kisha wakalifunga upande wa pili. Ilichukua dakika kumi na mbili. Junaid alitazama saa makusudi ili aziandike. Nyumbani Rukia alimkuta mezani, miwani puani, chai haijaguswa.

"Unamwandikia nani tena?"

"Brayson. Na nakala Sekela. Na nakala kata."

"Kata watasema siyo yao."

"Najua," alisema Junaid, akaanza na tarehe.